Mnatumia Mhariri Gani?

2 Machi

Mpwa wangu Nukta,

Salamu zitakuja, leo nimeziweka foleni, maana bahati yangu haina subira. Kaa kwanza. Umekaa? Mjomba wako Risasi, mtu aliyeishia mlangoni mwa darasa la sita, sasa ni mkuu wa idara ya kurasa katika kampuni ya kutengeneza tovuti. Jengo ni lilelile la kiwanda chetu cha chapa. Mashine zilipong'olewa wenzangu waliondoka, mimi nikabaki na jengo. Wenye kampuni walipoingia wakauliza ni nani anayezijua kurasa katika mji huu, wakaelekezwa kwangu na watu watatu wasiojuana.

Nimepewa chumba changu peke yangu, madirisha pande tatu. Nimeshonewa nguo za kazi jozi mbili, vifungo vinang'aa mpaka nikipita mbele ya kioo nasimama kujiamkia. Hakuna anayeingia jengo lile bila kupita kwangu. Meneja mwenyewe, bwana mmoja wa viatu vyembamba, akifika asubuhi hunisalimia mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Nimetembea miji minne na nimelala bandari mbili, lakini heshima ya namna hii sijaiona.

Haya, salamu. Mama yako hajambo, bado anapanga vikombe kabatini kwa ukubwa kama watoto wa shule. Bibi yako mzima, ila masikio yake siku hizi yanachagua: anasikia anachotaka. Unajua mimi huandika huku nikisoma kwa sauti, mazoea ya kiwandani. Basi nilipofika hapo kwa meneja, mama yangu akakohoa. Nadhani ni vumbi.

Kila nikipita palipokuwa na meza ya kupangia herufi, nakuona una miaka mitano, umesimama juu ya kreti, pua imegusa sanduku. Watu wa huko wakikuuliza kwa nini kwetu unaitwa Nukta, waambie ukweli kwamba uliimeza. Nukta ya chapa, ya madini ya risasi kama herufi zetu zote, ndogo kama punje ya mtama. Mama yako alikubeba mbio hadi zahanati, na gazeti likatoka habari ya kwanza haina nukta mwishoni. Yule mhariri wetu tuliyemwita Kalamu Nyekundu alishuka ngazi kuniuliza nukta iko wapi. Nikamwambia imekwenda kwa daktari.

Mama yako ananiambia unajifunza kuandika kodi. Nilisikitika siku mbili nikidhani umekuwa mtu wa idara ya kodi, mpaka akanieleza kwamba ni maandishi ya kuiamrisha kompyuta. Sasa nimefurahi. Ukichoka huko, kando yangu kuna kiti. Kiti kiko wazi, nakiangalia kila siku.

(Vumbi limezidi humu ndani.)

Mjomba wako,
Risasi


27 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mwamkie Bibi, umwambie kwa sauti ya kawaida, tuone kama atasikia. Mama nilizungumza naye Jumapili, akanieleza habari za vikombe. Mimi sijambo. Chumba changu dirisha lake linatazama ukuta, lakini ukuta wenyewe una rangi nzuri, na jirani yangu fundi saa ni mtu wa maneno machache na chai nyingi.

Barua yako niliisomea kwenye ngazi, nikashindwa kupanda. Nilipoondoka nyumbani ulikuwa unakaa barazani na mikono magotini, hujui uiweke wapi. Kumbe ilikuwa inasubiri kazi. Hongera, Mjomba. Sijui niseme nini zaidi ya hongera.

Kazini niko katika miezi ya majaribio. Natengeneza kurasa za tovuti, na nitakuambia kitu kitakachokuchekesha: wenzangu wananishangaa kwa jambo ulilonifundisha wewe. Katika msimbo wetu, ile kodi iliyokusikitisha, kila alama unayoifungua lazima uifunge, la sivyo ukurasa mzima unamwagika. Wao husahau. Mimi sisahau, kwa sababu nilikulia mahali ambapo mtu akifungua mabano bila kuyafunga anaitwa kwa jina lake mbele ya watu. Unakumbuka mwalimu wa darasa la kwanza alivyomwita Mama, akisema mtoto huyu ana tatizo, anaandika jina lake kutoka kulia? Sikuwa na tatizo. Nilikuwa nimejifunza kusoma kwenye herufi za risasi, na herufi za risasi zimegeuka.

Sasa nina swali la kikazi, mtu wa kazi kwa mtu wa kazi. Huku ofisini kuna vita ya mhariri. Kila mmoja ana wake na yuko tayari kumfia. Mimi bado sijachagua. Huko kwenu mnatumia mhariri gani? Nikijua nitajizoesha mapema, ili siku nikija kukaa kwenye kile kiti nisikucheleweshe.

Mpwa wako,
Nukta

Halafu, Mjomba, mkuu wa idara anaandikaje barua kwa kalamu?


20 Aprili

Nukta wangu,

U mzima? Sisi hatujambo. Bibi yako ameangusha meno mawili ya bandia kwa kumcheka jirani aliyeanguka na ndoo, jirani hakuumia, meno ndiyo yaliyoumia. Mama yako anakusalimu, anauliza kama blanketi lilifika.

Mhariri wetu ni mwanamke mrefu, miwani yake ina kamba. Ni mkali. Na usiseme tunamtumia, binti yangu, yule ndiye anayetutumia sisi. Asubuhi huwa mzito, hapati moto mpaka anywe chai, lakini akishaanza anaweza kukufutia nusu ya kazi na bado ukamshukuru. Mimi ananiheshimu. Hapiti bila kuniuliza nimeamkaje. Hapo umepata jibu lako la kikazi.

Hata hivyo hamfikii Kalamu Nyekundu. Unakumbuka balaa la herufi a? Yale masanduku yetu yalitengenezwa na watu wa lugha nyingine, wao wanapenda sana e. Wakatujazia e kama mchanga, a wakatupimia kwa kijiko. Sasa lugha yetu hii, nenda kanisani, soma tangazo la harusi, andika jina la dawa, a iko kila mahali. Ikifika saa nne kila siku sanduku la a limebaki sakafu. Napanda ngazi namwambia Kalamu Nyekundu, bwana mkubwa, a zimeisha. Anavua miwani, anaushika ukurasa, anaanza kutafuta maneno yenye e na i. Mara moja aligeuza "walianza safari" ikawa "misele iendelee", na hakuna msomaji aliyelalamika. Jioni alinipa mkono. Aliniambia, "Risasi, leo tumeandika gazeti zima kwa makombo." Nilikwenda nyumbani nikitembea katikati ya barabara.

Unauliza kwa nini naandika kwa kalamu. Kompyuta ni ya kazi, na wewe si kazi.

Kiti bado kipo. Ni kiti kizuri.

Mjomba wako,
Risasi


14 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Blanketi lilifika, mwambie Mama, na meno ya Bibi yaombewe. Fundi saa aligonga ukuta juzi kuuliza kama niko salama, kwa sababu nilikuwa nacheka peke yangu na barua yako mkononi.

Mhariri niliyekuuliza hana miwani, Mjomba. Ni programu. Ndimo tunamoandikia msimbo, kama vile nyinyi mlivyokuwa mkipangia mistari kwenye kile chuma cha mkononi. Jina kamili ni kihariri, ila huku tumezoea kusema mhariri. Nilidhani mkuu wa idara ya kurasa angejua. Labda kwenu mnaiita kwa jina lingine.

Nikueleze tulizonazo. Moja ni ya zamani, skrini nyeusi tupu, haitaki kipanya, kila kitu ni vidole. Walioizoea wanaandika kama wanapiga kinanda, lakini mgeni akiingia hajui kutoka. Kuna mwenzetu wa hesabu aliingia humo kwa makosa, akabonyeza kila kitufe, mwishowe akachomoa waya ukutani. Nyingine ni ya rangi rangi, nzito kuwaka, na inakumalizia maneno kabla hujasema, kama shemeji mwenye haraka. Ya tatu ni ile inayokuja na kompyuta, karatasi nyeupe basi, haikusaidii wala haikusumbui.

Kuna jambo lingine. Miezi ya majaribio imekwisha na wamenipa mkataba wa kudumu. Wanataka jibu kabla ya mwisho wa Julai. Mama amefurahi mno, kwa hiyo sijamwambia ninachofikiria. Wewe nakuambia. Ninafikiria kukataa nije nikae kando yako. Kila ninapofunga alama mwishoni mwa ukurasa nageuka kulia kutafuta mtu wa kumwonyesha, na kulia kwangu kuna kabati la faili.

Kwa hiyo swali langu sasa lina uzito kuliko mwanzo. Mnatumia ipi?

Nukta


8 Juni

Nukta,

Nimechelewa kukujibu, kazi zimenibana kuanzia getini hadi darini. Hatujambo sote. Bibi amerudishiwa meno, anayavaa akiwa na wageni tu.

Lile la mwanamke mwenye miwani nilikuwa nakutania, bila shaka. Mjomba wako atashindwaje kujua programu? Nimewauliza watu wangu mmoja mmoja wanapopita kwangu asubuhi. Yule mwanamke mrefu, maana yupo kweli, anatumia ya skrini nyeusi, anasema ya rangi rangi ni ya watu wanaoogopa giza. Wa ghorofa ya pili wanasema wa skrini nyeusi wanajitesa ili wasifiwe. Walisimama mbele ya dirisha langu wakibishana mpaka gari la meneja likakosa njia ya kupita, nikainua mkono, wakaachana. Kwa hiyo ofisi yetu imegawanyika, siwezi kukutajia moja.

Lakini nitakuambia ninachokijua kwa mikono hii. Siku zile za balaa la a, nilichoka. Jumamosi moja nilibaki peke yangu, nikamwaga sanduku zima mezani, nikalipanga upya. Kile chumba kikubwa cha e nikakipa a. K nikaileta karibu na kidole gumba, w nikaiondoa kule pembeni ilikotupwa kama mtoto wa kambo. Wiki ya kwanza nilipanga upuuzi mtupu, mkono ulikuwa unakwenda nyumba za zamani na kukuta wapangaji wapya. Wiki ya tatu nilipanga safu nzima nikizungumza na mama yako habari za harusi, sikutazama chini hata mara moja. Mwenzangu wa zamu aliazima sanduku langu akapanga tangazo la msiba, yakatoka maneno ambayo mpaka leo yanafanya tusisalimiane vizuri na ile familia.

Chagua ile itakayokubali kupangwa upya na wewe, hata kama mwanzo itakutukana. Baada ya hapo ukiwa unaandika usiisikie kama ipo. Ikiwa kila mstari inakukumbusha kwamba ipo, iache, hata kama ofisi nzima inaisifu.

Mambo ya mkataba ni makubwa, tutayazungumza. Kiti kipo. Bibi amekohoa mara mbili, nimempa maji ya moto, ameyakataa.

Risasi


1 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima, Mama nimemtumia picha za chumba kilivyopangwa upya, muulize akuonyeshe.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nilichagua siku hiyohiyo. Nimechukua ya skrini nyeusi, nikavihamisha vitufe vyake kama ulivyoihamisha a. Wiki ya kwanza niliandika upuuzi. Sasa vidole vinakwenda vyenyewe, na mwenzangu akikaa kwenye kompyuta yangu anasimama haraka kama amekalia maji. Jana niliandika ukurasa mzima nikiwaza habari ya ile kreti niliyokuwa nasimama juu yake. Je, iliondoka na mashine, au bado ipo?

Umejibu kila kitu isipokuwa nilichouliza. Kuhusu mkataba umeandika mstari mmoja, wewe ambaye tangazo la msiba umelipa mistari minne.

Nimeamua hivi. Tarehe 31 nitapeleka barua ya kukataa, nije. Najua nafasi kama hii huku hairudi, nimeliwaza hilo. Kiti kando yako ndicho ninachokitaka, basi. Kabla sijapeleka nakuomba jibu moja tu la neno moja. Katika ile ya skrini nyeusi, mtu akitaka kutoka, anabonyeza nini?

Nukta


15 Julai

Nukta, mpwa wangu,

Mama yako atakuwa amekwisha kukupigia kabla karatasi hii haijafika. Nimemtuma akuambie maneno mawili, usikatae mkataba, na kwamba sababu ziko humu. Amenibana nimweleze yeye kwanza, nimekataa. Ningekupigia mwenyewe, lakini mdomo wangu unaujua. Nilishika simu mara mbili wiki hii. Mara zote mbili nilijikuta naandaa kichekesho cha kuanzia, nikaiweka chini. Kalamu ni nzito kidogo, inampa mtu nafasi ya kuona aibu.

Salamu hazijabadilika. Bibi hajambo, amekaa hapa kando, ameyavaa meno ingawa hakuna mgeni.

Kreti yako ipo. Siku walipokuja kubeba vyuma niliificha nyuma ya tangi la maji. Sanduku langu lile nililolipanga upya sikuweza kuliokoa. Walilimwaga kwenye pipa, a na e na nukta zote pamoja, wakalipima kama chuma chakavu. Nilisimama pale nikawaambia jamani, hilo lina mpangilio. Mmoja akaniuliza, "Mpangilio gani, mzee?" Miaka thelathini na moja ikaenda na lile pipa. Nilikwenda nyumbani, na ndiyo ile baraza uliyoniona nayo, mikono magotini.

Ningeanza na hilo mwezi Machi, ila nilidhani ukilisikia utakuwa na mjomba wa kumhurumia. Nilitaka uwe na wa kujivunia. Nimekuzoea ukinitazama kutoka juu ya kreti kama mtu anayejua kila kitu, na wewe ni mtu wa mwisho aliyebaki anayenitazama hivyo. Sasa uongo wangu ukakua, ukafika mahali unataka kula mkataba wako. Hapo ndipo niliposimama.

Swali lako nimelipata jibu. Yule mwanamke mrefu aliniandikia kwa kalamu kwenye kiganja: kwanza kitufe cha pembeni juu, halafu nukta mbili zilizopandana, halafu herufi q, halafu kitufe kikubwa cha kuingiza. Nimelikariri. Nilifurahi sana kuona humo ndani kuna nukta mbili, nikasema mpwa wangu anatoka mlangoni kwa jina lake. Ningeweza kukuandikia hilo peke yake, ungeniamini, ungekuja. Lakini sijawahi kulibonyeza, Nukta. Kompyuta za mle ndani nazijua kwa kuziona zikishushwa garini.

Baki huko. Weka saini. Pale kulia kwako liondoe lile kabati, uweke chochote, hata picha ya ile kreti, nitamwomba mama yako aipige. Ukimaliza ukurasa niambie, nitumie kwenye karatasi, nitausoma kwa sauti, na mabano yasiyofungwa nitayaona kutoka hapa.

Bibi yako hajakohoa tangu nianze kuandika.

Yale ya Machi yalikuwa uongo. Chumba cha madirisha pande tatu ni kibanda. Zile nguo za vifungo ni sare. Meneja ananisalimia wa kwanza kwa sababu mimi ndiye ninayemfungulia. Kiti kilicho wazi ni cha plastiki, cha mwenzangu wa zamu. Kurasa zangu ni za kitabu cha wageni. Mimi ni mlinzi wa geti.

Mjomba wako